Viwavi wa Mzee Ndolo

Kiwavi alikuwa amejichimbia ndani ya ganda la mbaazi, kichwa ndani, makalio nje, kama mtoto anayelamba chungu. Ndolo Mbaluka alimvuta kwa kucha, akamtazama, akamponda juu ya jiwe. Akafungua ganda jingine. Humo pia alikuwamo mmoja, mnene kuliko wa kwanza. La tatu lilikuwa limebaki tundu na kinyesi.

"Mzee Ndolo! Unawaua au unawabatiza?"

Alikuwa Musembi, jirani yake, amesimama upande wa pili wa ua wa minyaa, pampu ya kunyunyizia dawa mgongoni. Aliigonga pampu kwa kidole ili Ndolo asikie kwamba haikuwa na kitu ndani.

"Sijatia dawa," akasema. "Bado. Nimeivaa tu mgongo usije ukaisahau."

"Tulikubaliana, Musembi."

"Ulikubaliana wewe, sisi tukaitikia. Ulisimama kanisani, suti imepigwa pasi, ukasema dawa ya Muthoki itafika kabla maua hayajaanguka. Maua yameanguka, Mzee. Maganda yanaliwa. Dawa iko wapi?"

"Inakuja."

"Hata Yesu anakuja," akasema Musembi, "lakini yeye hakutukataza kupiga dawa."

Aliondoka akicheka, na kicheko chake kilisikika mpaka alipopinda kwenye kisima. Ndolo alibaki na mikono inayonata. Aliipangusa kwenye suruali, akafungua ganda jingine.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Msimu uliopita watu wa kilima kile walikuwa wamenyunyiza sumu ya dukani hadi macho yakawawasha, na viwavi wakaendelea kula kana kwamba wamemwagiwa mchuzi. Kwa hiyo Ndolo aliposema kwamba binti yake, Muthoki, anatengeneza ugonjwa wa viwavi, ugonjwa usiomgusa mtu wala mbuzi wala nyuki, walimsikiliza. Aliwaambia pia kwamba ugonjwa huo huenea kutoka kiwavi hadi kiwavi, na kwamba kunyunyiza sumu ovyo ni kuwaua viwavi ambao ndio wangeusambaza. Wakaweka pampu zao stoo. Tangu josho la ng'ombe hadi mto wa mchanga, hakuna aliyenyunyiza kitu. Mbaazi zikipotea mwaka huu, zitapotea kwa watu wote, na zitapotea kwa neno la Ndolo.

*

Muthoki alirudi nyumbani mchana, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kurudi. Mama yake, Kalekye, alikuwa uani akipepeta mtama. Alimtazama binti yake mara moja tu na kuacha kupepeta.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, Mwaitu. Zina njaa."

"Nani wana njaa?"

"Seli."

Kalekye aliuweka ungo chini. Hakuwahi kuzizoea hizo seli. Aliziona mara moja tu, siku alipompelekea binti yake chakula kwenye ile maabara ya Mbumbuni, chumba cha kupanga nyuma ya duka la misumari. Zamani kilikuwa saluni, na vioo vya saluni vilikuwa bado ukutani. Muthoki alimwonyesha chupa bapa zenye maji ya rangi ya chai hafifu, zimelala ndani ya kabati la joto. Kalekye alitazama, hakuona kitu, akajiona mwenyewe katika vile vioo kila alikogeuka, akarudi nyumbani.

"Nieleze kama unamweleza mtu," akasema sasa.

Muthoki aliketi juu ya kinu. "Ule ugonjwa, vile virusi, haviwezi kuzaana peke yao. Vinataka mwili wa mdudu. Sasa badala ya kufuga viwavi kwa maelfu, tunafuga vipande vidogo sana vya mwili wa mdudu ndani ya chupa. Ndizo seli. Zinakula, zinagawanyika, zinajaa chupa. Zikijaa tunazitia virusi. Virusi vinaingia ndani, vinazaana, seli zinavimba zinapasuka, na hiyo ndiyo dawa."

"Na zinakula nini?"

"Maji yenye sukari na chumvi na vitu vingine. Hayo ninayo. Lakini lazima yatiwe seramu kidogo. Seramu ni yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikiganda. Ya ndama ambaye hajazaliwa ndiyo bora. Yetu hununuliwa ng'ambo, na imekwisha. Bwana Kyule anasema mzigo umekwama. Kila nikimpigia simu ananiambia kesho."

Bwana Kyule ndiye mwenye maabara. Alikaa Nairobi, na kwa sauti yake ungedhani kila kesho yake ilikuwa tayari imefungwa kwenye karatasi.

"Bila hiyo seramu?"

"Zitakufa. Na zikifa kabla sijazitia virusi, hakuna dawa mwaka huu."

Ndolo alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, aliyezoea kupewa kiti kabla hajakitafuta.

"Damu ya ndama," akasema. "Basi si jambo la kwenda ng'ambo. Kesho ni siku ya soko. Lori la Billow linatoka Nuu na ng'ombe."

"Tata, si damu ya ng'ombe yeyote."

"Nimekusikia. Ndama aliye tumboni. Tutauliza. Kuuliza hakumvunji mtu meno."

Kalekye alichukua ungo wake. "Mzee wa kanisa kwenda kuuliza damu kichinjioni," akasema, kama mtu anayeongea na mtama. "Asi! Hii nitaisikia kisimani kabla hamjarudi."

*

Billow alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina, na siku hiyo hakuwa na furaha. Njiani ng'ombe wake mmoja alikuwa ameteleza ndani ya lori na kuvunjika mguu. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba.

"Sijawahi kuchinja mwenye mimba kwa hiari yangu," aliwaambia Ndolo na Muthoki mbele ya kichinjio. "Hata ukame ule mkubwa sikuchinja. Lakini huyu hawezi kusimama. Nimwache ateseke?"

Muthoki akamweleza wanachotaka. Alieleza vizuri, kwa heshima, akitaja mbaazi na viwavi. Billow alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Dada yangu, nyama nauza. Ngozi nauza. Kwato ukitaka nakupa bure. Damu siuzi. Kwetu damu ni haramu kuila na haramu kuiuza. Pesa yake ikiingia mfukoni mwangu inachafua hizi zingine."

"Basi tupe bure," akasema Ndolo.

"Nikikupa, nimetoa kama zawadi kitu kilicho najisi. Mimi nitampa mzee kama wewe zawadi ya namna hiyo?"

Wachinjaji na vijana wa kubeba nyama walikuwa wamekwisha kusogea. Mmoja wao, aliyevaa mabuti ya mpira, alimtambua Ndolo.

"Mzee, si ni wewe ulituhubiria Jumapili tuache kula mutura, ule utumbo wa kujazwa damu? Leo wewe mwenyewe umebeba chupa?"

"Labda kanisani divai imeisha," akasema mwingine, na kicheko kikalipuka.

Ndolo alihisi masikio yake yakipata moto. Angeweza kuondoka. Muthoki alimshika mkono wa koti kidogo tu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo barabarani, na Ndolo hakuondoka.

Billow aliwakemea vijana kwa Kisomali, kisha akamgeukia Ndolo na kusema kwa sauti ya chini. "Sikiliza, mzee wangu. Mimi siuzi na sitoi. Lakini kinachomwagika sakafuni si mali yangu tena, ni uchafu, na uchafu lazima uoshwe. Mwoshaji wetu leo hajafika. Mimi naenda kunywa chai. Nikirudi nataka nikute sakafu safi. Nani ameosha, na uchafu ameupeleka wapi, sitauliza."

Ndivyo Ndolo Mbaluka alivyovua koti lake, akalikunja na kulitundika mahali ambapo halitaguswa, akachukua ufagio wa kichinjio. Ng'ombe alipokwisha kuchinjwa na kupasuliwa, Muthoki akiwa na glavu na sindano ndefu, amepiga magoti kando ya mfuko wa uzazi, akivuta damu kutoka moyo wa ndama mdogo asiye na manyoya, baba yake alisugua saruji. Maji yalimrukia suruali. Yule wa mabuti ya mpira alimwonyesha pembe alizosahau. "Na pale, Mzee. Na pale pia. Billow ana macho." Ndolo alisugua pale, na pale pia.

Zikapatikana chupa kadhaa, damu nyangavu, safi. Muthoki alizifunga, akazipanga ndani ya kikapu kilichotandikwa kitambaa cheupe, na kwa mara ya kwanza tangu juzi akatabasamu.

"Tata, kaa nazo hapa kivulini. Usizifungue hata kidogo, hewa itazichafua. Usimpe mtu. Nakwenda kutafuta barafu kwa wauza soda."

"Nenda. Zikipotea nitapotea nazo."

Ndolo aliketi juu ya gogo, kikapu kati ya miguu. Alikuwa amechoka na ananuka, lakini moyo wake ulikuwa umetulia kidogo. Kazi ilikuwa imefanyika. Akazitazama chupa. Baada ya muda akaona kitu kilichomtia wasiwasi. Damu ilikuwa inashika. Pembeni mwa chupa ilikuwa inaanza kuwa nzito, kama uji unaoachwa bila mwiko.

Alijua damu. Ujanani, kabla ya kuokoka, mbuzi alipochinjwa katika boma la mjomba wake, ni yeye aliyekuwa akiitwa kushika kibuyu. Damu ikitiwa tu kibuyuni unaanza kuikoroga kwa kijiti, bila kupumzika, la sivyo inaganda na kuharibika, na mtu aliyeacha damu igande alifukuzwa mbele ya wanaume wote. Ndolo hakuwahi kufukuzwa.

Aliangalia barabarani. Muthoki hakuonekana. Kuzifungua amekatazwa, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja neno la mwenye kazi. Kwa hiyo akachukua chupa ya kwanza, kifuniko chake kikiwa kimekazwa, akaanza kuitikisa. Akaitikisa kwa nguvu mpaka ikatoa povu na ile hali ya kushika ikapotea. Akachukua ya pili. Alizipitia zote, akazirudia, mkono ukimuuma, jasho likimtoka, na Muthoki aliporudi na barafu alimkuta baba yake amesimama, chupa moja kila mkono, anatikisa kama mwanakwaya mwenye kayamba.

"Karibu ziharibike," Ndolo akasema, akihema. "Zilikuwa zinaganda. Sikuzifungua. Lakini sikuziacha zigande."

Muthoki aliweka barafu chini.

"Zote, Tata?"

"Zote. Hakuna hata moja iliyonishinda."

*

Muthoki alijaribu kuziokoa. Alizizungusha kwa kasi kwenye mashine yake kule maabarani, akazitazama mbele ya dirisha. Maji yanayotakiwa ni ya manjano, rangi ya majani makavu. Haya yalikuwa mekundu chupa baada ya chupa, kwa maana chembe za damu zilikuwa zimepasuka kwa kule kutikiswa, na kilichokuwa ndani yake kimemwagika. Hata hivyo aliyapasha moto mdogo unaotakiwa, akayachuja, akachukua chupa moja tu ya seli na kuilisha, akasubiri.

Ndolo alisubiri naye. Alikaa kwenye kiti cha zamani cha saluni, kile cha kuegemeza shingo, na kila alikotazama aliona mzee mwenye suruali yenye madoa akimtazama.

Asubuhi iliyofuata Muthoki alimwita kwenye hadubini. "Weka jicho hapa. Hizo ni seli zenye njaa, ambazo sijazigusa. Unaona? Za mviringo, zinang'aa, kama ushanga. Sasa tazama hizi nilizolisha."

Ndolo alitazama. Aliona kama majivu yaliyotawanyika ndani ya maji.

"Ni mimi," akasema.

"Sikukwambia ziachwe zigande. Kwangu ni jambo la kawaida, sikufikiri."

"Ulisema nisifungue, sikufungua. Ungesema nisitikise, nisingetikisa."

"Najua, Tata. Ndiyo maana nasema ni mimi pia."

Ndolo aliondoa jicho kwenye hadubini. Ni vigumu kwa mtu mwenye majivuno kusamehewa kabla hajaomba, maana hana mahali pa kuuweka ule msamaha.

"Zilizobaki?" akauliza hatimaye.

"Zilizobaki hazitafika mbali. Nikizingoja zijae, zitakufa. Nikizitia virusi leo, zikiwa bado na uhai, nitapata dawa kidogo. Kidogo sana. Nilikuwa nimewaahidi watu pipa. Nitapata labda ya kunyunyiza shamba moja."

"Moja?"

"Moja. Na chupa zote zitakuwa zimekwisha. Sitakuwa na mbegu ya seli tena, na Bwana Kyule atanifungia mlango."

Alichukua kichupa kidogo cha virusi kutoka kwenye friji, akakishika muda mrefu bila kukifungua. Kisha akazitia seli zote.

*

Watu walikutana Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, kwenye mabenchi yaliyotolewa. Hawakungoja Ndolo afungue mkutano. Musembi alianza.

"Tumesikia seli zimekufa. Tumesikia msichana amezilisha kitu kibaya. Mimi simlaumu, ni mtoto. Ninalaumu aliyetufanya tuweke pampu stoo kwa ajili ya mtoto."

"Muthoki ana miaka thelathini na shahada," akasema Kalekye kutoka upande wa wanawake.

"Shahada haili viwavi, Mama Muthoki."

Kasyoka, mwenyekiti wa kikundi cha mwethya, ambaye wanawake humfuata akiwaita kulimiana mashamba, aliinua mkono. "Tuambieni tu ukweli. Nani amezilisha hicho kitu kibaya, na kulikuwa na haja gani?"

Muthoki alisimama kujibu. Ndolo akasimama pia, na kwa kuwa alikuwa mrefu, watu walimtazama yeye.

"Ni mimi," akasema. "Tulipata damu ya kutengenezea chakula chao. Damu nzuri. Nikaachiwa niilinde. Ilipoanza kuganda nikaitikisa."

Musembi aliinuka nusu kwenye benchi.

"Ukaitikisa?" akauliza Musembi. "Kwa nini?"

"Isigande."

Mzee mmoja wa nyuma kabisa, asiye na jino hata moja, ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kucheka kwa sauti nyembamba. "Ulidhani unapika, Ndolo! Ulidhani uko kwa mjomba wako!" Kicheko kikapita benchi hadi benchi. Wanawake walificha nyuso kwenye leso. Hata mchungaji aligeukia ukuta. Ndolo alisimama wima katikati ya kicheko kile kama mti unaopigwa na mvua ya mawe, na hakuketi mpaka kikaisha.

"Mmemaliza?" akauliza. "Basi msikilizeni Muthoki."

Muthoki akaeleza. Dawa ni kidogo, ya shamba moja. Lakini dawa hiyo ni ugonjwa, na ugonjwa huzaana. Ikinyunyizwa katika shamba moja lenye viwavi wengi, viwavi hao wataumwa. Hawatakufa upesi. Wataendelea kula karibu wiki nzima, na wakifa watapanda juu ya mimea na kuning'inia vichwa chini. Wakiokotwa hao, wakapondwa kwenye maji na kuchujwa, kila kiwavi mmoja ataponya sehemu ya shamba jingine. "Chupa zimenishinda," akasema. "Sasa shamba ndilo litakuwa chupa. Na viwavi wawe wengi iwezekanavyo. Mtoe wa kwenu mlete hapo."

"Na mbaazi za shamba hilo?" akauliza Kasyoka.

"Hazitabaki."

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu alitazama mahali pengine. Musembi alikuna kisigino. Watu walikuwa na njaa ya kujua ni nani atakayetoa shamba, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri sana kwa nini asiwe yeye: mmoja na karo, mwingine na mgonjwa.

Kalekye alikuwa akimtazama mumewe. Alijua atakalosema kabla hajafungua mdomo, na macho yake yalikuwa yanamwambia asiseme.

"La kwangu," akasema Ndolo.

*

Njiani hawakuzungumza. Walipofika nyumbani Kalekye alitia maji kwenye sufuria, akaiweka mekoni.

"Umenunua heshima yako kwa chakula changu," akasema.

"Si heshima."

"Ni nini basi?"

Ndolo alifikiri. "Nisingeweza kukaa. Wangengoja mpaka mmoja mnyonge alazimishwe. Wangemlazimisha mama wa mtu."

"Mimi je? Mimi si mama wa mtu?" Aliutupa mwiko chini. "Uliniuliza? Nililima na wewe. Palizi nilipalilia peke yangu wewe ukiwa kwenye vikao vya kanisa. Ulipotoa shamba ulisema 'la kwangu'. Hukusema letu."

Muthoki, aliyekuwa mlangoni na jerikeni ya dawa, alirudi nyuma taratibu.

"Nirudi nikawaambie hapana?" Ndolo akauliza.

"Ukawaambie nini? Kwamba mkeo amekataa? Nenda kanyunyize." Aliinama akauokota mwiko, akaupangusa. "Lakini usidhani nimenyamaza."

*

Ndolo alinyunyiza dawa yote shambani mwake, na watu wakaleta viwavi. Walikuja na makopo ya maziwa, mifuko ya sukari, hata mtoto mmoja na kiatu. Wakavimwaga katika shamba la Ndolo vile vijidudu vya kijani na vya kahawia na kuondoka upesi, kama watu wanaomwaga taka kwa jirani. Wengine walisema asante. Musembi alileta ndoo nzima. "Hawa ni wazuri," akasema. "Nimewalea mwenyewe." Alijaribu kucheka, ikashindikana.

Shamba likaliwa. Ukisimama kimya uliweza kusikia mtafuno, mlio mdogo kama mvua ya mbali juu ya majani makavu. Maganda yalitoboka, yakasinyaa. Ndolo alikuwa akienda kila asubuhi kutazama, kabla hajatia chai kinywani. Viwavi walionekana wazima, wanene, wenye furaha. Siku moja alimwuliza Muthoki kama ana hakika, na Muthoki akamwambia hana.

Kisha wakaanza kupanda. Walipanda polepole, walevi, mpaka kwenye ncha za matawi, wakajishika kwa miguu ya nyuma na kuning'inia, weusi, laini. Ukimgusa mmoja ngozi ilipasuka na maji ya kahawia kutoka. Ndolo alikimbia kwenda kumwita Kasyoka, naye akaja na mwethya wake wote, wanawake wakiwa na mabakuli, wakaimba wakiokota kama wanaovuna. Walijaza ndoo. Harufu ilikuwa kama ya nyama iliyosahaulika. Muthoki alisimamia kuponda na kuchuja kwa vitambaa vya kanga kuukuu, na pampu zilizokuwa stoo zikatoka, zikajazwa. Watu wakapanga foleni katika uwanja wa Ndolo, wakaondoka kila mmoja akinyunyiza njia nzima kwa haraka ya kufika kwake.

Mashamba mengine hayakupona yote. La Kasyoka lilikuwa limechelewa, nusu yake ilikwenda. La yule mzee asiye na meno lilipona karibu lote, naye akadai ni kwa sababu aliimba zaburi akinyunyiza. Bwana Kyule alikuja kutoka Nairobi, akatazama kabati la joto lililo tupu, akasema maneno marefu, akaondoka na ufunguo. Alisema atapiga simu. Muthoki aliiweka simu yake mahali panaposhika mtandao, juu ya tangi la maji, na mara kwa mara alikwenda kuitazama.

*

Wakati wa kuvuna ulipofika, kilima kizima kilisikika kikipiga mbaazi kwa fimbo, isipokuwa boma la Ndolo. Yeye alikata mabua matupu na kuyarundika kwa ajili ya kuni.

Asubuhi hiyo Musembi alikuja na kifuko kidogo cha mbaazi, kimefungwa kwa kamba ya katani. Alikiweka juu ya benchi.

"Tumeona tukukumbuke, Mzee."

"Rudi nacho," akasema Ndolo. "Mimi si mjane. Sitoki nyumba ya kukumbukwa."

"Si hivyo, Mzee, ni kidogo tu, ni..."

"Nimeona ni kidogo."

Kalekye alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikichukua kile kifuko, akakipima kwa mkono, akamtazama Musembi usoni.

"Viwavi wako walikula kwangu ndoo nzima," akasema. "Niliwalisha mpaka wakafa. Sasa wewe unanikumbuka na hiki?"

Musembi alitafuta pa kutazama. "Mama Muthoki, si kila mtu amevuna vizuri..."

"Sitaki ya kila mtu. Nataka yangu. Nenda nyumbani, fungua gunia lako, tunakuja."

Musembi alikwenda. Kalekye aliingia stoo, akatoka na gunia tupu, akalikung'uta vumbi ukutani kwa nguvu. Akalirusha begani na kushika njia, kisha akasimama na kugeuka.

"Mbona umekaa?"

"Unataka tupite mlango kwa mlango?" Ndolo akauliza. "Mimi? Tukiomba?"

"Nani ameomba? Shamba letu lilifanya kazi, tunachukua mshahara wake. Tutaanza kwa Musembi, halafu kwa Kasyoka tutachukua nusu kwa sababu alipata nusu, halafu kwa yule mzee wa zaburi."

"Nitasema nini nikifika?"

"Wewe umesema vya kutosha mwaka huu. Nitasema mimi. Wewe utashika mdomo wa gunia."

Ndolo alitazama koti lake lililokuwa limetundikwa mlangoni, akaliacha. Akamfuata. Kwa Musembi gunia la mbaazi lilikuwa wazi katikati ya uwanja, na mke wa Musembi alikuwa amekwisha kuinua debe, anangoja, wala hakumtazama mtu. Kalekye alisogea kando. Ndolo aliinama mbele yao wote, akashika gunia tupu kwa mikono miwili, akalifungua wazi kadiri lilivyoweza kufunguka.

"Mimina," akasema Kalekye.